Petunia Inastahili Nafasi Uani

Tangu Lamu hadi Kilwa hapana mji wa pwani uliopata kuishi bila ya maua, wala hapana bibi wa miji hiyo aliyehitaji kufundishwa na mgeni kwamba ua ni kitu cha thamani. Kwani asumini zilitungwa vikuba na kuvaliwa kichwani, kilua kilitiwa kifuani, mkadi uliwekwa baina ya nguo sandukuni, na mlangilangi ukamwagwa kitandani usiku wa harusi, na zote hizo ni ada zilizopokewa kwa wazee na zingali hai katika nyumba nyingi hadi leo. Lakini anayezitazama ada hizo kwa makini ataona kwamba mapenzi yetu ya maua yalikuwa kwanza mapenzi ya harufu: ua lilipimwa kwa pua, likachumwa, likavaliwa, na mti uliolizaa ukabaki pembeni mwa kisima bila ya kutazamwa sana na mtu. Bustani ya kutazamwa, yaani ardhi iliyolimwa kwa ajili ya jicho, ni jambo tulilolizoea baadaye, na ndiyo maana baadhi yetu tungali tunaliona kuwa ni anasa ya watu wengine.

Kwa sababu hiyo petunia, ambayo kwa anayeiona mara ya kwanza ni ua la jicho tu, haijapata kwetu heshima inayoistahili. Tunaikuta imepangwa mbele ya mahoteli na kwenye ngazi za maofisi. Tunainunua kando ya barabara ikiwa imekwisha kuchanua, ndani ya kifuko cheusi cha plastiki. Tunaiweka barazani kwa ajili ya sikukuu, na baada ya majuma machache, inapolegea na kukauka, tunaitupa, kisha twasema kwamba ni ua lisilo na maisha na halifai kwa joto letu. Rai yangu ni kwamba hukumu hiyo haina insafu. Petunia haikufa kwa sababu ya pwani, bali ilikufa kwa sababu ilipandwa katika mwezi usiokuwa wake, katika udongo usiokuwa wake, na mtu ambaye hakuambiwa lolote juu ya tabia zake. Ikioteshwa kwa mbegu na mkono wa mwenye nyumba mwenyewe, ikafuata kipupwe badala ya kufuata sikukuu, huchanua mfululizo kwa miezi, na ua wa nyumba ya kawaida kabisa hupata nakshi ambayo hapana rangi ya ukutani iwezayo kuifikia.

Wako wanaoikataa kwa ugeni wake, na hoja yao naiheshimu kwa kuwa inatoka katika mapenzi ya vitu vyetu. Lakini historia ya mmea huu haiisaidii hoja hiyo. Philibert Commerson, bingwa wa mimea wa Kifaransa aliyesafiri katika merikebu za Bougainville zilizoizunguka dunia, aliikusanya petunia nyeupe huko Montevideo, kwenye mdomo wa mto La Plata, mwaka 1767; na katika mwaka huo huo na safari hiyo hiyo alichuma huko Rio de Janeiro mmea mwingine uliopewa jina la mkuu wa safari yao, nao ni bogenvilia, ambayo leo inafunika kuta za Mombasa, Bagamoyo na Mji Mkongwe hata mtu akadhani kwamba iliumbwa pamoja na mawe yake. Commerson hakurudi kwao. Alifariki Mauritius mwaka 1773, katika Bahari hii hii ya Hindi, na mimea mikavu aliyoikusanya ndiyo iliyomwezesha Antoine-Laurent de Jussieu, mjini Paris, kuitambulisha jamii ya petunia kwa jina hilo mwaka 1803. Basi ikiwa bogenvilia imekwisha kuwa mwananchi asiyeulizwa alikotoka, na mahindi, muhogo na pilipili za bara hilo hilo ndizo zilizotulea, sioni kwa haki gani ndugu yao mmoja azuiliwe mlangoni.

Na neno ndugu nimelitumia kwa maana yake hasa, kwa kuwa petunia ni wa aila moja na nyanya, biringani, pilipili, kiazi mviringo na tumbaku. Aliyepata kuyagusa majani yake na kuhisi yakinata vidoleni, kwa vile yamejaa vinyweleo vyenye utomvu, na aliyepata kulipalilia shamba la tumbaku, hatahitaji mtaalamu wa kumthibitishia nasaba hiyo. Mwaka 1831 James Tweedie, Mskoti aliyehamia Buenos Aires, alipeleka kwenye bustani ya mimea ya Glasgow aina ya pili, yenye ua dogo la zambarau. Wakulima wa maua wa Uingereza wakaipandisha na ile nyeupe, na katika miaka michache wakapata chotara ambao ndio asili ya petunia karibu zote tunazoziona, ziwe nyekundu, za waridi, za buluu ya wino, zenye mistari, au zile za petali nyingi zilizosongamana, ambazo Wajapani wa nyumba ya Sakata walifanikiwa katika miaka ya 1930 kuzitolea mbegu zisizokosea.

Katika wingi huo wa aina mnunuzi wa pwani hana budi kujua tofauti moja tu kubwa. Ziko petunia za maua makubwa, mapana, yenye kingo za mawimbi, nazo ndizo zinazomvutia mtu dukani. Na ziko za maua madogo lakini mengi sana. Ua kubwa likipigwa na mvua moja nzito hulowa, likajikunja na kugandamana kama karatasi, kisha ukungu wa kijivu ukalishika. Ilhali ua dogo hujikung'uta na kusimama tena kesho yake. Mimi nasema bila ya kusita kwamba pwani ichukue madogo, na yale makubwa tuwaachie wenye baraza zilizoezekwa.

Nimesema kwamba petunia ni ua la jicho kwa anayeiona mara ya kwanza, na sharti nieleze kwa nini nimeweka mpaka huo. Petunia nyeupe ya asili haikuumbwa kwa ajili ya mchana. Huko kwao huchavushwa na nondo wakubwa warukao usiku, wenye mirija mirefu ya kunyonyea, na ili iwaite hao hungoja jua lichwe ndipo imwage manukato yake. Na miongoni mwa mada zinazofanya manukato hayo kuna iitwayo methili benzoeti, ambayo imo pia katika mafuta ya mlangilangi. Hii ndiyo habari ambayo ningependa iwafikie mabibi wetu waliolelewa kwa vikuba na marashi: ua walilolidharau kwa kuwa halinukii walilinusa saa sita za mchana, nalo saa hiyo limelala. Wafugaji wa maua wa karne ya ishirini, waliposhughulika na rangi na ukubwa, waliipoteza harufu katika aina nyingi, hasa nyekundu na za waridi. Lakini nyeupe nyingi, na baadhi ya zile za zambarau nzito na buluu, zingali na urithi wa bibi yao. Anayetaka ua la kuweka karibu na dirisha la chumba cha kulala au kando ya jamvi la baada ya Isha, na achague hizo, azinuse jioni kabla ya kuzinunua, wala asikubali kudanganywa na wekundu.

Sasa nije kwenye majira, maana hapo ndipo penye kosa letu kubwa. Karatasi ya mbegu inayoletwa kutoka Ulaya humwambia msomaji aoteshe mwishoni mwa kipindi cha baridi na apande theluji ikiisha, maneno ambayo kwa mtu wa Tanga au Malindi hayana maana yoyote. Petunia hupenda jua kali lakini haipendi joto zito lenye unyevu. Huistahimili siku ya joto iwapo usiku wake ni wa baridi kidogo, na huchukia kunyeshewa kila siku. Basi kwa hesabu hiyo masika si yake, na Januari na Februari za kaskazi, zenye usiku wa jasho, si zake vilevile. Zake ni siku za kipupwe, tangu Juni hadi Septemba, kusi inapovuma, mvua zimepungua, mchana hauzidi sana nyuzi 28 au 29, na usiku hushuka hata karibu na 20. Wenzetu wa Arusha, Lushoto na Nairobi wana ruhusa pana zaidi, nao huweza kuwa nazo karibu mwaka mzima wakiepuka mvua nzito. Lakini na wao wakumbuke kwamba petunia kwa tabia huharakishwa na mchana mrefu, na katika nchi zetu zilizo jirani na ikweta, ambako mchana hauendi mbali na saa 12, huchukua muda zaidi kutoa ua la kwanza kuliko karatasi inavyoahidi. Kuchelewa huko si ishara ya maradhi, na asije mtu akazidisha mbolea kwa kuona mmea umekawia.

Baada ya majira ni udongo, na hapa pwani yetu ina kadhia yake. Sehemu kubwa ya miji yetu imejengwa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo uliotokana nayo umejaa chokaa. Maji ya visima vingi nayo ni hivyo hivyo. Petunia hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na ukiipanda katika udongo wa chokaa hushindwa kukifyonza chuma hata kama kimo tele, na dalili yake ni kwamba majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu wengi wakiiona manjano hiyo hudhani mmea una kiu, wakazidisha maji yale yale ya kisima, na ndiyo huzidisha dhara. Dawa ni kuupa mmea nyumba yake: chungu, ndoo iliyotobolewa, au kitalu kilichoinuliwa, kilichojazwa mboji iliyokomaa, samadi iliyooza barabara, na mchanga wa mtoni wa kupitisha maji, wala si mchanga wa ufukweni wenye chumvi, na anayeweza kukinga maji ya mvua za masika katika pipa ayaweke kwa kazi hii.

Kuotesha kwenyewe hakutaki mali, kunataka utulivu. Gramu moja ya mbegu za petunia ina mbegu zipatazo 10,000, na mtu akizimimina kiganjani huona unga mweusi mfano wa ugoro. Pumzi moja yatosha kuzipeperusha. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa ili mkono uone unakonyunyiza, kisha hutawanywa juu ya sinia la mboji laini iliyokwisha kulowanishwa kabla, na hapo ndipo penye siri ambayo wengi hawakuambiwa: mbegu hizi hazifukiwi. Zinahitaji mwanga ili zichipue, na anayezifunika kwa udongo kwa mazoea ya mchicha na bamia amezizika. Hukandamizwa kidogo tu kwa ubao, sinia likafunikwa kwa kioo au nailoni angavu, likawekwa mahali penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua, na maji likapewa kwa kuliweka ndani ya beseni ili liyanyonye kutoka chini. Kati ya siku 7 na 14 huonekana vitu vya kijani vidogo mno hata mwenye macho dhaifu akakata tamaa, na majuma mawili ya mwanzo havikui kwa kiasi cha kuonekana. Subira hapo ni wajibu. Miche ikifikisha majani matatu ya kweli huatikwa kwenye makopo, na ikifikisha sita au saba huhamishiwa mahali pake pa kudumu, kwa nafasi ya sentimeta 25 hadi 30.

Kabla ya kuhamishwa, au mara tu baada yake, ncha ya mche hukatwa kwa ukucha. Najua kwamba kitendo hiki huwatia watu huruma, na wengi hukiacha. Lakini mche usiokatwa ncha hupanda juu peke yake, ukatoa ua moja au mawili kichwani na kubaki uchi chini, ilhali ule uliokatwa hutoa matawi pembeni, na kila tawi huja na maua yake. Hali kadhalika ua lililonyauka halivuliwi petali tu, bali hukatwa pamoja na kikonyo chake, maana kinachobaki ndani ndicho kibumba cha mbegu, na mmea ukisha kupata mbegu huhesabu kwamba kazi yake ya ulimwengu imekamilika na hupunguza kuchanua. Asubuhi moja katika kila siku mbili yatosha kwa kazi hiyo, nayo ni kazi ambayo mtoto wa miaka sita huiweza na huipenda. Kisha, baada ya miezi miwili au zaidi, mashina yatakaporefuka na kulala, yapunguzwe kwa nusu bila ya woga, yapewe mbolea ya maji, na mmea utafumuka upya. Petunia ina njaa kubwa, hasa ikiwa chunguni ambamo kila maji yanayomwagwa huondoka na chakula. Mbolea hafifu kila juma ni bora kuliko mbolea kali mara moja kwa mwezi.

Juu ya maradhi sitasema mengi. Maji yamwagwe shinani, asubuhi, si juu ya maua; vidukari na nzi weupe hufukuzwa kwa maji ya sabuni yakianzwa mapema; viwavi watobozi wa vitumba hutafutwa magharibi kwa mkono. Lakini yapo mambo mawili yanayotokana na ule udugu nilioutaja, nayo hayana msamaha: petunia isipandwe mahali nyanya zilipokufa kwa mnyauko, na mvuta sigara asiishike kabla ya kunawa kwa sabuni, kwa kuwa kirusi cha batobato la tumbaku hukaa katika tumbaku kavu na huhama na vidole.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kuliko zote ni kwamba katika ardhi hiyo ya ua lisiloliwa mtu angepanda mchicha. Siidharau hoja hiyo, wala sijapata kumshauri mwenye njaa apande maua. Lakini nyua zinazosakafiwa leo kwa matofali ya saruji tangu ukuta hadi ukuta, hata mvua ikinyesha ikakosa mahali pa kuingia, hazikunyimwa petunia kwa ajili ya mchicha. Zimenyimwa vyote viwili. Aidha si kweli kwamba ua hili halikumnufaisha mtu ila kwa uzuri. Mwaka 1990, huko Marekani, Carolyn Napoli, Richard Jorgensen na wenzao waliiongezea petunia nakala ya jeni ya rangi wakitumaini kuukoleza uzambarau wake, na badala yake wakapata maua meupe na mengine ya mabaka: rangi iliyoongezwa ilikuwa imeizima na ile ya asili. Mshangao huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaelekeza wanachuoni kwenye kuelewa jinsi chembe hai inavyozinyamazisha jeni zake. Andrew Fire na Craig Mello, walioifafanua njia hiyo kwa vijinyoo mwaka 1998, walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2006, na leo zipo dawa za binadamu zilizojengwa juu ya msingi huo.

Na lipo jambo linaloniuma zaidi ya dharau. Katika nyanda za Kenya, za kaskazini mwa Tanzania na kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda yapo mashamba makubwa yanayokuza mbegu na vipandikizi vya maua ya bustani kwa ajili ya Ulaya, na petunia imo katika biashara hiyo. Vipandikizi vyake hukatwa na mikono ya kina mama na vijana wetu, vikapakiwa bila ya mizizi na kurushwa kwa ndege, vikatiwa mizizi huko katika vibanda vya vioo, vikauzwa majira ya maua yakifika. Maarifa yapo, basi, na yapo miongoni mwetu. Dada anayechavusha ua moja moja kwa mkono ili ipatikane mbegu ya chotara anaijua petunia kuliko waandishi wote wa makala. Lakini maarifa hayo hayajapata njia ya kutoka shambani kuja uani, na mwenye nyumba wa Temeke au Kisauni anayetaka kuotesha petunia hana budi kusoma karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu anayengojea theluji iyeyuke.

Nawaomba kwa hiyo wauzaji wa mbegu wafungashe vipimo vidogo vya bei nafuu, waandike juu yake kwa Kiswahili mwezi wa kuotesha kwa watu wa pwani na mwezi wa kuotesha kwa watu wa nyanda za juu, na waseme wazi kama mbegu ni ya chotara, ambayo watoto wake hawatafanana na mama, au ni ya kawaida, ambayo mtu anaweza kujiwekea akiba mwaka hata mwaka. Nawaomba wenye vitalu vya kando ya barabara wauze miche michanga iliyokwisha kukatwa ncha, badala ya kutuuzia mmea uliokwisha kutumia nusu ya umri wake. Walimu wa shule za msingi wanaotafuta somo la mimea lenye kuonekana kwa macho hawatapata sinia lenye mafunzo mengi kuliko hili. Na wewe msomaji wa pwani unayekusudia kuziona petunia zako zikichanua kabla Agosti haijaingia, mwaga mbegu mwishoni mwa Aprili, chini ya paa, wala usizifukie.